Flashi ndogo, lakini si ndogo kupita kiasi

Mwezi uliopita nilipoteza flashi isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Haikuibwa wala haikuharibika. Nilikuwa nimekwenda steshenari kuchapisha mitihani ya muhula, kijana wa pale akaichomoa kwenye kompyuta na kuiweka mezani katikati ya makaratasi, na tangu hapo haijaonekana tena. Faili zenyewe nilikuwa nazo nyumbani, lakini kwa kuwa sikujua flashi imeangukia mikononi mwa nani, nililazimika kutunga maswali mapya ya kidato cha pili na cha tatu kwa usiku mmoja. Ndipo nilipoanza kukitazama kwa makini kifaa ambacho kwa miaka mingi nilikinunua kama mtu anavyonunua kiberiti.

Udogo ndio uliokuwa umenivutia. Flashi za aina hiyo, ambazo zikichomekwa huacha milimita chache tu nje ya tundu, zinafaa kukaa mahali pamoja: kwenye redio ya gari, nyuma ya televisheni, au ubavuni mwa kompyuta mpakato yenye nafasi finyu ya kuhifadhia. Hapo hazigongwi ovyo. Ila zikifanya kazi kwa muda mrefu hupata joto, kwa sababu umbo lao halina eneo la kulisambaza, na baadhi hujipunguzia kasi. Kwa mtu kama mimi, anayechomeka na kuchomoa katika mashine tatu au nne kwa siku, udogo huo ni mzigo. Hata pa kushika kwa vidole hapapo.

Safari hii, basi, nilitafuta flashi fupi na nyembamba, ya chuma kitupu, yenye kitundu cha kupitishia kamba. Kifuniko sikukitaka, maana sijawahi kuwa na kifuniko kilichomaliza mwezi. Zile za kusukuma kwa kidole gumba zina kilimi cha plastiki, ambacho kikilegea ncha hurudi ndani pale unapoichomeka. Wembamba nao una maana yake: katika kompyuta nyingi za zamani matundu ya USB yamebanana, na flashi nene huziba tundu la jirani, ikakubidi uchague kati yake na kipanya.

Kuhusu kasi, pakiti husema mengi. Toleo la USB 2.0 lina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde (biti nane ndizo baiti moja), na USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, ina kikomo cha gigabiti 5. Namba hizo ni upana wa barabara, si mwendo wa gari. Kasi inayoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni ya kusoma, ilhali anayehamisha video za masomo anahitaji ile ya kuandika, ambayo katika flashi za bei rahisi inaweza kuwa megabaiti 10 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, gigabaiti 4 huchukua karibu dakika saba.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye ujazo. Si ule upungufu mdogo ambao wengi huulalamikia, kwamba flashi ya gigabaiti 64 ikifunguliwa kwenye Windows huonyesha 59 na kitu: hapo mtengenezaji amehesabu kwa elfu, na Windows inahesabu kwa 1,024. Ninazungumzia flashi bandia. Niliwahi kununua mtaani flashi ya gigabaiti 512 kwa bei ambayo ilipaswa kunitia shaka mapema. Kompyuta ilionyesha 512 kweli, na faili zote zilipokelewa bila malalamiko, lakini nilipozifungua, za kwanza tu ndizo zilizokuwa nzima. Chipu inayosimamia kumbukumbu huwa imepangwa upya ili itangaze ujazo isiokuwa nao. Nafasi halisi ikijaa, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea kabisa, huku majina ya faili yakiendelea kuonekana. Kuangalia ujazo dukani, kwa hiyo, hakuthibitishi chochote. Kinachothibitisha ni kuijaza flashi yote kisha kuisoma tena, kazi inayofanywa na programu ya bure iitwayo H2testw. Kwa flashi ya gigabaiti 32 yenye kasi ndogo kuandika peke yake huchukua karibu saa nzima, kwa hiyo uombe muuzaji akukubalie kuirudisha, na utunze risiti.

Hatimaye nilichukua ya gigabaiti 32, yenye ncha mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya Type-C kwa ajili ya simu. Kubwa zaidi sikuihitaji. Flashi za ujazo huo kwa kawaida huja katika mfumo wa kupangia faili uitwao FAT32, unaosomwa hata na redio za magari na televisheni za zamani, ingawa hauwezi kupokea faili moja inayofika gigabaiti 4. Anayebeba filamu ndefu atahitaji exFAT, mfumo mwingine usio na kikomo hicho. Mitihani sasa naifunga kwa nywila kabla ya kuinakili, na flashi yenyewe nimeifunga kwa kamba nyekundu pamoja na ufunguo wa kabati langu la shuleni, ili nikiisahau steshenari asubuhi, kabati linikumbushe kabla ya kipindi cha kwanza.