Taarifa zinazotosha

Leo nimeshinda na maswali ya utoshelevu wa taarifa, na tangu nianze kujiandaa na GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, sijawahi kufurahia kusoma namna hii. Maswali haya hayakudai jibu. Unapewa swali na kauli mbili, kisha unaamua: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake inatosha, zote mbili kwa pamoja, kila moja kivyake, au hata ukiziunganisha bado hazitoshi. Ukishajua kwamba swali linajibika, unaliacha hapo hapo. Kwa sisi tuliozoeshwa kuonyesha njia mpaka jibu la mwisho, ni kazi kweli. Mkono unataka kumalizia hesabu.

Shangazi anauza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba, hapa Mwanza, na Jumapili huwa yuko nyumbani. Nikamtungia swali. Mfanyabiashara ameuza magunia yote aliyonunua. Faida yake ni asilimia ngapi ya mtaji? Kauli ya kwanza: alinunua magunia 40. Kauli ya pili: kila gunia aliliuza kwa bei iliyozidi ya kununulia kwa robo.

"Ushuru na usafiri umeshaviweka humo, mwanangu?"

Nikamwambia ndiyo, vyote vimo kwenye bei ya kununulia.

"Basi hayo magunia 40 ya nini? Hata yangekuwa mawili, faida ni robo."

Ndivyo hasa. Kauli ya pili peke yake inatosha. Shangazi aliishia darasa la saba. Alichokitazama kwanza ni kipi kinakosekana, halafu akatupa kisichohitajika, na hivyo ndivyo anavyonunua mzigo kila alfajiri. Nimesikia watu wakisema mtihani huu ni wa watoto waliosoma shule za gharama kubwa. Kiingereza chake kigumu, sikatai, na ada yake ni pesa nyingi kwa mshahara wa hapa. Lakini fikra zenyewe tunazo, na ningependa kila kijana wa Igoma au Buhongwa anayefikiria shahada ya uzamili ya biashara alijue hilo kabla hajakata tamaa.

Hata sehemu ya lugha iko hivyo. Mara nyingi unapewa hoja, unatafuta kinachoidhoofisha. Chukua hii: dagaa wamepungua sokoni wiki hii, kwa hiyo wanaisha ziwani. Mtu wa mbali ataikubali. Mtu wa huku atauliza kwanza mwezi ukoje, maana dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti, wavuvi wengi wanapumzika. Swali hilo moja linaitikisa hoja nzima.

Kwa wanaoanza: angalieni mwaka wa kitabu. Mtihani wa zamani uliondolewa mwanzoni mwa 2024. Huu wa sasa hauna insha, hauna kusahihisha sentensi, wala hesabu za maumbo. Una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha 23, uchambuzi wa takwimu 20. Kikokotoo unakipata kwenye takwimu tu. Alama zinaanzia 205 hadi 805, na mizani imebadilika, kwa hiyo anayekuambia ulenge 700 huenda anakumbuka ya zamani. Ile 700 leo inalingana na kama 645. Vitabu vya mitumba navyo bado vina faida kwa hesabu na ufahamu. Ruka tu yaliyofutwa.

Kinachonisumbua sasa ni muda. Swali la hesabu lina dakika mbili na sekunde chache, na kuacha maswali mwishoni bila kuyajibu kunakuumiza zaidi kuliko kukosea. Kwa hiyo ninajifunza kuachia. Dakika ya tatu ikiingia, ninachagua jibu, ninaweka alama, ninasonga mbele. Kila sehemu inakuruhusu kurudi mwishoni na kubadilisha majibu matatu, na hayo matatu nimeanza kuyatunza kama akiba ya benki. Swali gumu nikiling'ang'ania najiona shujaa, kumbe nakula dakika za maswali mepesi yanayonisubiri mbele.

Kuufanyia mtihani nyumbani inaruhusiwa, ila nimeamua kwenda kituoni. Umeme wa mtaani kwetu siwezi kuudhamini kwa saa mbili na robo mfululizo.

Jumamosi nafanya jaribio zima kwa saa, simu ikiwa imezimwa. Mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe, nami nitaanza na takwimu, akili ikiwa bado mbichi, nimalize na hesabu. Shangazi ameomba maswali mengine. Nimemwandikia matano, mawili ya sangara.