Kesi ya Mtu Nisiyemjua

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nataka tukae na Ayubu 29, sura ambayo wengi tunairuka, manake tukisikia Ayubu tunawaza majivu na majipu na wale rafiki zake watatu. Hapo anakumbuka maisha yake kabla mambo hayajaharibika, anasema alimwokoa maskini aliyelia na yatima asiye na wa kumsaidia, alimfanya mjane aimbe kwa furaha, alikuwa macho kwa kipofu na miguu kwa kiwete. Alafu mstari wa 16 anasema alikuwa baba kwa mhitaji, na kesi ya mtu asiyemjua aliichunguza.

Kutoa tunafundishwa sana jamani, ila kuchunguza tunaona kama kukosa imani hivi. Inaingia picha ya mtoto mgonjwa kwenye simu, imeandikwa tuma chochote na sambaza ubarikiwe, moyo unashtuka, unatuma, na kabla siku haijaisha umeshasahau hata jina la mtoto na wala hujui kama yupo kweli. Sisemi usitume. Ila mtazame Ayubu, Biblia inasema alikuwa mkuu kuliko watu wote wa upande wa mashariki, angeweza kabisa kugawa mali akaendelea na mambo yake na watu wangemsifu vilevile, lakini alikaa chini na habari ya mtu ambaye si ndugu yake, si jirani, hamjui kabisa, akaifuatilia mpaka akaielewa. Mi naamini huo muda nao Mungu aliuhesabu kuwa ni sadaka.

Sasa unaanza na nani? Mathayo 25 peke yake inataja wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa, na ukijaribu kuwabeba wote kwa mpigo utachoka na mwisho hutabeba hata mmoja. Hapo Nehemia ananisaidia sana. Yuko Shushani kwenye jumba la mfalme, ana kazi nzuri, anakuja Hanani na wenzake na yeye mwenyewe ndo anawauliza habari za Yerusalemu (hapo angalia, aliuliza, hakusubiri kuombwa), wanamwambia ukuta umebomoka na malango yameteketea kwa moto, na hiyo habari inamkalisha chini analia na kufunga na kuomba, tangu mwezi wa Kisleu mpaka Nisani ndo anaongea na mfalme, kama miezi minne hivi. Ufalme mkubwa kama ule shida zilikuwepo kila kona, lakini hii ndo iliyomshika.

Na wewe kuna habari inayokushika. Kuna mtu akisikia mama amefariki akijifungua hawezi kula, mwingine ni wafungwa wasio na wa kuwatembelea, mwingine watoto wasiosikia ambao hawajapata mtu wa kuwafundisha lugha ya alama, mwingine wazee walioachwa peke yao, au wakimbizi. Mara nyingi mzigo wenyewe unatoka kwenye kidonda chako, umeuguza mtu wa saratani basi wagonjwa wa saratani hawakutoki tena moyoni, na hiyo sio ubinafsi, Mungu anatufariji kwenye dhiki zetu ili tuweze kufariji wengine, ndivyo Paulo anavyoanza 2 Wakorintho. Usimhukumu mwenzio kwa sababu anachangia wanyama waliotelekezwa na wewe unaona kuna watu wanakufa njaa. Mwili mmoja, viungo vingi.

Ukishajua mzigo wako tafuta nani tayari anaifanya hiyo kazi. Yule Msamaria wa Luka 10 tunamsifu kwa mafuta na divai, ila angalia asubuhi yake, alitoa dinari mbili, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima, akampa mwenye nyumba ya wageni akamwambia mtunze huyu, ukitumia zaidi nitakulipa nikirudi. Hakuacha safari akajenga nyumba ya kutunzia majeruhi pale njiani. Aliona kuna mtu mwenye kitanda na muda, akamwezesha, na akaahidi kurudi, na hiyo ahadi ya kurudi wengi wetu ndo tunayoisahau.

Kwa hiyo uliza maswali. Wamesajiliwa wapi, nani wako kwenye bodi, mwaka jana walipokea kiasi gani na kikafanya nini, nani anakagua hesabu, wale wanaosaidiwa wenyewe wanasemaje. Wanaofanya kazi safi hawakasiriki wakiulizwa. Akikusukuma utume leoleo kwenye namba yake binafsi na maswali hataki kuyasikia, acha, utoe kwingine. Ila tusiwe wakali pasipohitaji ukali, kuna watu wakisikia sehemu ya mchango imelipa mhasibu au kodi ya ofisi wanasema tumeibiwa, wakati huyo mhasibu ndo anayelinda shilingi yako isipotee, na muuguzi wa kituo naye ana watoto wa kulisha. Na angalia wanavyowaonyesha wale wanaowasaidia. Kama kila picha ni ya mtu amevuliwa heshima yake ili wewe utoe pesa, mi hapo sitoi, huyo mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu.

Kama bado unaona kuuliza hesabu ni kukosa imani, soma 2 Wakorintho 8 yote taratibu. Paulo anakusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, na mtume mzima, mtu aliyemwona Bwana, hakubeba zile pesa peke yake. Anamtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu anaitaja wazi kabisa, hataki mtu awalaumu juu ya karama hiyo, anataka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo alikubali kuangaliwa basi hakuna mtumishi wala taasisi iliyo ya kiroho sana kiasi cha kutoonyesha vitabu vyake.

Sura hiyohiyo inagusa na kiasi. Wamakedonia walikuwa maskini kabisa na wakaomba wenyewe kushiriki. Wakorintho walianza mwaka uliopita wakiwa na moto sana, kisha wakapoa, na Paulo anawaambia timizeni, kwa kadiri ya mlivyo navyo. Hakuwaambia wakope, tena anasema hataki wengine wapate raha na wao wapate dhiki. Kwenye waraka wa kwanza alishawapa njia, kila siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke kitu kando kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kukusanywa siku akifika. Ni hivyo hivyo hata sasa, kidogo kinachoingia kila mwezi bila kukatika kinamsaidia anayeendesha kituo kupanga dawa na mishahara na ada za watoto, kuliko kikubwa kinachokuja kwa mkupuo siku watu wameguswa kisha kimya miezi nane.

Wale Wakorintho walimaliza, unajua? Kwenye Warumi 15 Paulo anaandika kwamba imewapendeza watu wa Makedonia na Akaya kufanya changizo kwa ajili ya maskini walioko Yerusalemu, na Korintho iko Akaya. Alafu anawaomba Warumi wamwombee ili huduma hiyo anayoipeleka ikubalike kwa watakatifu. Pesa zimeshapatikana na bado anaomba maombi. Basi wiki hii unapomtafuta yule utakayemshika mkono, tuwaombee na wanaobeba michango yetu, wahasibu, madereva, wauguzi, wanaokaa na yatima usiku, wafike salama na wapokelewe vizuri na wale waliotumwa kwao.