Siku yangu moja: faili hili ni la lugha gani?

Saa 12 asubuhi. Kirumba, Mwanza. Harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni imeshatutangulia ndani ya daladala, na konda anabishana na mama mmoja kuhusu nauli ya ndoo. Nashuka mjini, chai na vitumbua, kazini.

Saa 2. Tunatengeneza edita ndogo ya kuandikia programu, na leo ni zamu ya jambo ambalo wengi hulidharau. Mtu akifungua faili, edita ijueje ipake maneno rangi gani, mistari ijongezwe (isogezwe ndani) vipi, kitufe cha Tab kifanye nini? Mkusanyiko huo wa tabia ndio modi.

Saa 3 na nusu. Mwanafunzi wetu wa fildi ameshaandika jedwali la kuchagua modi kwa kuangalia kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina la faili: .py modi ya Python, .js modi ya JavaScript, .h modi ya C.

"Hiyo .h, una hakika ni C?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. C++, lugha nyingine, nayo hutumia .h. Tena .m inaweza kuwa Objective-C, inaweza kuwa MATLAB.

"Sasa kaka, tufanyeje?"

Nikachukua kalamu, nikachora ubaoni safu tatu: faili, lugha, modi. Jedwali lake lilikuwa linaruka safu ya katikati; nilitaka majedwali mawili, moja kutoka faili hadi lugha, jingine kutoka lugha hadi modi. Faili limeandikwa kwa lugha gani, hiyo ni habari ya faili lenyewe. Lugha hiyo ihudumiwe na modi ipi, hiyo ni hiari ya anayeandika.

Mfano ninaoupenda ni Emacs, edita ya siku nyingi, kwa sababu yameikuta hasa. Jedwali lake la siku zote, auto-mode-alist, linatoka kwenye jina la faili moja kwa moja hadi modi. Ilivumilika kwa muda mrefu. Kisha toleo la 29, mwaka 2023, likaleta modi mpya zinazotumia tree-sitter, zana ya kuchambua muundo wa programu: palipokuwa na c-mode, modi ya C, pakaja pia c-ts-mode. Lugha moja, modi mbili. Ikabidi waongeze jedwali jingine, major-mode-remap-alist, la kusema "ukitaka kuwasha ile, washa hii." Na mtu aliyekuwa ameweka mapendeleo yake kwenye c-mode, akihamia mpya anakuta hayapo, kwa sababu c-ts-mode haikuzaliwa na c-mode. Kama lugha ingekuwa na nafasi yake tangu mwanzo, mapendeleo hayo yangetundikwa kwenye C yenyewe.

Saa 7. Ugali na sato. Hakuna cha kusimulia zaidi ya kwamba sato alikuwa mkubwa.

Saa 8. Mwenzetu mmoja, ambaye yeye ni edita ya Vim tu, hataki majedwali mawili. "Mzee, mtumiaji anataka afungue faili aone rangi, basi." Ana hoja: lugha nyingi zina modi moja tu. Nikamkumbusha kwamba Vim yake mwenyewe inatenganisha filetype (aina ya faili) na syntax (kanuni za kupaka rangi), unaweza kubadilisha rangi bila kugusa aina ya faili. Akacheka, akasema hiyo ni tofauti. Sijashawishika.

Tulichokubaliana haraka ni mpangilio wa ushahidi wa kutambua lugha. Kwanza aliyoyaandika mwenye faili ndani yake kutaja lugha au modi. Kisha mstari wa kwanza ukianza na #!, alama ya kutaja programu itakayoliendesha faili, maana skripti nyingi hazina kiendelezi kabisa. Kisha jina kamili, kama Makefile. Kiendelezi baada ya hapo. Mwisho ndipo edita ichungulie yaliyomo na kubahatisha, na ikibahatisha ionyeshe hivyo chini ya dirisha, mtu aweze kuibadilisha kwa kubofya.

Saa 10. HTML ikatuharibia utaratibu. Faili moja, ndani yake kuna CSS na JavaScript, kwa hiyo swali la lugha haliishii kwenye faili. Linafuata kishale cha kuandikia kilipo. Tumeamua modi ibaki moja kwa faili zima, ila kujongeza na alama za maoni zifuate lugha ya mahali ulipo. Ndiyo sehemu iliyokula mchana wote, na bado jaribio moja la mstari wa kufunga script linagoma.

Saa 12 jioni. Limebaki swali la .pl, Perl au Prolog. Hapa ofisini hakuna anayeandika hata mojawapo. Tumeiweka Perl, tukafunga kompyuta.