Pointi na beji hazitoshi, gemu yenyewe iko dukani kwa Mangi

Walimu wengi wakisikia habari ya gemu darasani akili inakimbilia pointi. Unachukua kwizi ile ile ya juzi, unaipachika nyota, unaweka jedwali la nani anaongoza, basi unatangaza kwamba somo limekuwa mchezo. Aisee, hapo hamna kitu, ni jaribio lile lile limepakwa rangi. Wazee wanacheza bao kijiweni tangu mchana mpaka jua linazama na hakuna anayewapa beji, kinachowakalisha pale ni kwamba ukisambaza kete vibaya unaliwa, tena mwenzako anakuona na anakucheka. Uamuzi wako una matokeo, na hicho ndicho nataka kwenye somo langu.

Nafundisha biashara na utunzaji wa hesabu kidato cha pili, somo ambalo watoto wanalikariri tu, debiti huku krediti kule, kesho yake limeyeyuka. Kwa hiyo nikatengeneza duka. Natumia H5P, ni programu ya bure iliyoanzia Norway, ina aina nyingi za maudhui tayari na wewe unajaza tu vitu vyako: video yenye maswali katikati, picha ya kubonyeza, kadi za kugeuza, kuburuta na kudondosha, na ile ninayoipenda kuliko zote, hadithi yenye matawi, yaani mwanafunzi anachagua na hadithi inamfuata alikochagua. Ukiwa na Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, kuanzia toleo la 3.9 la mwaka 2020 unatengenezea humo humo ndani. Huna seva wala intaneti ya maana? Pakua Lumi, programu ya kutengenezea H5P kwenye kompyuta yako, ukishashusha zile aina za maudhui mara moja unaendelea kutengeneza bila mtandao, halafu unatoa faili moja la HTML, yaani linafunguka kama ukurasa wa tovuti, unaweka kwenye flashi, unatembeza kompyuta moja moja maabara. Ila video ikiwa nzito na faili linakuwa zito, kompyuta zetu za kizamani zinaanza kuhema.

Sasa dukani. Wewe ndiye Mangi, mwenye duka, una mtaji wa laki tatu, umefungua asubuhi, anakuja mama jirani. Hapa sikuandika maneno, niliweka sauti, mhudumu mmoja wa shule alikubali kurekodi kwa simu na alijua kuigiza kuliko mimi: "Mangi, niandikie sukari kilo mbili na sabuni mche mmoja, hela mwisho wa mwezi si unanijua." Kuna ule mlegezo wa sauti kwenye "si unanijua" ambao darasa zima lilicheka, maana wote wanaujua, na hakuna maandishi ya kwenye skrini yangeweza kuuleta. Chini yake machaguo matatu, mkopeshe, mkatalie, au mpe nusu.

Ukimkopesha na wengine wakaja mauzo yanapanda, daftari linapendeza, faida inaonekana. Kesho yake gari la soda linasimama mlangoni, dereva anataka keshi, droo haina kitu. Hapo ndipo mtoto anauliza mwenyewe, sasa mwalimu faida ninayo halafu hela sina, inakuwaje? Hilo swali nilikuwa nalieleza ubaoni kila mwaka na hakuna aliyewahi kuniuliza kabla sijaeleza. Ukimkatalia mama droo inabaki salama ila anapita kimya siku ya pili anaenda duka la mbele, na majirani wenzake wanamfuata. Ukimpa nusu unaponea chupuchupu lakini ukisahau kuandika imekula kwako. Hakuna jibu lenye tiki ya kijani, na nimeacha hivyo makusudi. Kompyuta hazitoshi kwa hiyo wanakaa watatu watatu, na kumbe hiyo ndiyo raha yenyewe, maana lazima wabishane kabla ya kubonyeza.

Baada ya hadithi ndiyo nabadilisha aina, na kila aina ina kazi yake. Picha ya ukurasa wa daftari la madeni la kweli, majina nimeyafuta, wanabonyeza mahali ambapo hesabu imekosewa, kazi ya jicho hiyo, huwezi kuifanya kwa swali la kuchagua a b c. Kuburuta na kudondosha ni ya kupanga, friji iende mali, hela anayokudai muuza soda iende madeni. Kadi za kugeuza ni za msamiati tu kwa sababu mtihani unakuja kwa Kiingereza na duka lao linaongea Kiswahili. Video ninayo moja, fupi, ya kufunga hesabu jioni, na kwa kweli naona video inasifiwa kupita kiasi, inakula bando, inakula muda kuitengeneza, na mtoto akiangalia anakaa tu. Sauti inadharauliwa bure.

Kuhusu sauti kuna kitu kilifanyika hapa hapa Tanzania watu wanakisahau. Yale mashindano ya Global Learning XPRIZE, tableti ziligawiwa kwa watoto karibu 3,000 kwenye vijiji 170 mkoa wa Tanga, wengi wao hawajawahi kukanyaga shule, na programu ziliwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa miezi 15. Mwaka 2019 washindi wakawa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Fikiria unatengeneza gemu ya mtoto asiyejua hata herufi moja na hakuna mwalimu pembeni, huwezi kumwandikia "bonyeza hapa uendelee", kila kitu lazima kipite kwenye picha, sauti na kidole. Sisi wenye wanafunzi wanaosoma tunajaza maandishi skrini nzima kwa uvivu tu.

Sikatai pointi zote. Kahoot naitumia, ile kwizi ya mtandaoni ya kushindana, dakika chache za mwisho wa kipindi, darasa linalipuka. Ila pale kwa kawaida anayejibu haraka ndiye anapata nyingi, sasa mwenye simu ya kuganda hata kama jibu analijua ataachwa, halafu mwishoni jina lake halionekani kabisa. Kwa hiyo kwenye duka langu napanga kundi kwa kundi badala ya mtoto mmoja mmoja, na alama hazitokani na kasi, zinatokana na hali ya duka wiki ikiisha: droo ina ngapi, unadaiwa ngapi, wateja wamebaki au wamehama. Kundi lililofilisika linaruhusiwa kuanza upya na hakuna anayelikata maksi, wengi huwa wanafilisika makusudi raundi ya pili waone tu dereva wa soda atasema nini.

Sasa hivi nahangaika na kipande cha risiti na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, kuna mteja anataka punguzo asipewe risiti, na bado sijapata mtu wa kumrekodi ambaye hacheki katikati. Aliyeigiza dereva wa soda amejitolea lakini sauti yake wanaijua tayari.