Nusu saa na nyoka mla-mayai

Jana alasiri nilikuwa Handeni kijijini, chini ya mgunga uliojaa viota vya kwera. Ndege walipiga kelele za hofu, nikatazama juu. Nyoka wa kahawia mwenye mabaka meusi mgongoni, mwembamba kama kidole, alikuwa ameingiza kichwa kiotani. Mla-mayai! Nimemtafuta miaka minne.

Nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikakaa kimya. Kinywa kilitanuka hadi ngozi ya shingo ikavutika, magamba yakaachana, yai likapita taratibu. Kisha akajikunja shingo. Ndani, mifupa ya uti wa mgongo ina ncha zinazolipasua ganda. Ute na kiini vikateremka tumboni, na baada ya dakika chache akalitema ganda likiwa limebanwa kama karatasi iliyokunjwa. Nimelihifadhi.

Mpwa wangu alikuja na fimbo. Nikamshika mkono: "Subiri, mwanangu, huyu hana sumu, na meno yake karibu hayapo kabisa." Nyoka alipotuona alijikunja, akasugua magamba yake yakatoa mlio mkali wa kukwaruza, kama kifutu aliyekasirika. Kwa mlio huo wengi huuawa bure, na inaniuma sana.

Ila msimkaribie nyoka yeyote kwa kudhani ni huyu. Mimi mwenyewe sikumgusa. Mpwa akaiweka fimbo chini, tukakaa pamoja mpaka nyoka akapotelea kwenye matawi.