Duara limefunga

Leo jioni, kwa mashine yangu ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, nimekata duara la kipenyo cha milimita 120 kwenye plaiwudi, na biti, kile kisu kinachozunguka, imerudi palepale ilipoanzia. Nimepitisha ukucha kwenye kiungo mara nne, haukukwama. Naandika kabla sijalala, maana duara hilihili limeninyima raha mwezi mzima.

Wiki zote hizo mashine ilikuwa inaendeshwa na kompyuta yangu mpya ya mezani, ambayo niliichomekea kadi ya poti ya printa, njia ya kupelekea amri kwenye mashine. Niliamini kompyuta yenye kasi ndiyo itakayoiendesha CNC vizuri. Duara lilianza sawasawa, lakini likimalizika linapishana kwa nusu milimita hivi, na kila kilichokatwa baada ya hapo kinahama upande uleule. Nikakaza skrubu za viunganishi vya mota. Nikaongeza mkondo kwenye viendeshi vya mota hizo. Nikabadilisha nyaya, nikapunguza mwendo. Kila nilichogusa kilileta nafuu ya siku mbili, kisha tatizo likarudi. Niliwahi hata kuilaumu mbao.

Programu ninayotumia ni LinuxCNC. Chimbuko lake ni EMC, iliyoanzia NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, na ikachukua jina la sasa mwaka 2011. Ndani yake kuna kipimo cha uchelewaji, yaani kompyuta inachelewa kiasi gani kufanya kazi iliyopangiwa muda wake; ni dirisha dogo lenye tarakimu chache tu. Unakiacha kifanye kazi huku ukiisumbua kompyuta kwa makusudi: unanakili mafaili makubwa, unaburuta madirisha huku na kule, unafungua glxgears gia zizunguke kwenye skrini. Chenyewe kinaweka kumbukumbu ya uchelewaji mkubwa kuliko wote, kwa nanosekunde.

Nikakaa mbele yake na daftari. Tarakimu zikatulia kwenye 8,000 na ushei, nikafurahi. Baada ya dakika moja hivi ikaruka hadi 312,000. Nikafuta, nikaanza upya. Elfu nane, elfu nane, halafu ikaruka tena, na mimi sijagusa kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ubaomama wa kompyuta ile una shughuli zake za chinichini, kama kupima joto au kubana umeme, na zikifika zamu yake unainyang'anya prosesa bila hata kuiuliza programu endeshi. Kwa mtu anayeandika barua au kutazama video, muda huo haupo kabisa. Kwa mota ya stepa, inayosogea hatua moja kila inapopata mpigo wa umeme, upo, tena mrefu. Mota zangu zina hatua 200 kwa mzunguko, na viendeshi vinagawa kila hatua mara nane, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mipigo 1,600. Skrubu inasogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, yaani mipigo 320 kwa milimita. Nikikata kwa milimita 1,200 kwa dakika, kompyuta inatakiwa itume mipigo 6,400 kila sekunde, mmoja kila baada ya maikrosekunde 156. Sasa ichelewe maikrosekunde 312, yaani zile nanosekunde 312,000: nafasi ya mipigo miwili imepita kimya, kisha mipigo inaendelea ghafla kwa kasi ileile. Mota inashtuka na kuteleza. Nayo haina njia ya kurudisha habari kwamba imeteleza, kwa hiyo programu inaendelea kuamini biti iko mahali ambapo haipo. Wahenga walisema kawia ufike, lakini mpigo wa stepa ukikawia ni kama haukufika.

Kompyuta ya zamani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa gunia. Ina prosesa ya kiini kimoja, kumbukumbu ya gigabaiti moja, na nyuma yake ile poti pana ya printa yenye matundu 25, imeungwa moja kwa moja kwenye ubaomama. Nikaisugua vumbi kwa brashi laini. Nikakagua kapasita moja baada ya nyingine kwa tochi, kwa sababu mbaomama nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikufa kwa kapasita kuvimba vichwa. Zangu zote ni bapa. Betri ya saa, ile ya CR2032, ilikuwa imekwisha, nikaweka nyingine. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya ubaomama, nikazima sauti na kila kilichohusu kubana umeme, nikahakikisha poti iko kwenye anwani 378.

Kisha nikaanzisha kipimo, nikaiacha inasumbuliwa saa mbili nzima. Uchelewaji mkubwa kuliko wote: 11,400. Inazidi kidogo elfu nane za kawaida za kompyuta mpya, lakini hairuki kamwe. Nilijikuta nimesimama naitazama ile namba kama mtu anayesubiri habari ya mgonjwa.

Ukongwe peke yake hautoshi, hilo nilishaliona. Kompyuta mpakato yangu, kongwe kuliko hii, ilipita 400,000 kabla sijamaliza kukaa. Mpakato zimeundwa kutunza betri, na kutunza betri ndiko kunakoharibu mipigo. Wapo wanaomaliza suala hili kwa kuipa Arduino, saketi ndogo yenye programu ya Grbl, kazi ya kutuma mipigo, nayo inaweza kufika 30,000 hivi kwa sekunde. Ni njia nzuri. Mimi napenda tu kuona kila kitu kwenye skrini moja, na napenda kwamba kifaa kilichokuwa chini ya gunia kina kazi yake.

Kitu kimoja kilinitisha na nimekiwekea utaratibu. Kompyuta inapowaka, pini za poti hupanda na kushuka ovyo kabla programu haijashika hatamu, na mara ya kwanza spindo, mota inayozungusha biti, ililia kidogo nikiwa na mkono karibu. Sasa kompyuta inawaka kwanza, programu inafunguka, ndipo nawasha umeme wa mota na spindo. Kitufe cha dharura nimekiunga kikate umeme wenyewe, kisitegemee kompyuta.

Intaneti sijaiunga. Michoro naifanya kwenye kompyuta mpya, naleta faili la jikodi, yaani maelekezo ya kukata, kwa flashi. Kesho nitaitengenezea sanduku lenye kichujio, maana vumbi la mbao tayari limeanza kukaa kwenye feni. Ile 11,400 nimeiandika kwa penseli ubavuni mwake, pamoja na tarehe ya leo, ili nikipima tena baada ya miezi sita nijue kama imesogea.