Tabora Hatukuipita

Mama alikuwa amemaliza kliniki ya macho Dar es Salaam, na mgongo wake haukutaka tena kusikia habari ya basi. Nikamkatia tiketi ya ndege ya Mwanza. Alikuwa hajawahi kupanda ndege.

Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa reli ya kati ni zaidi ya 1,200, maana treni huenda kwanza Tabora ndipo ikate kaskazini. Angani ni kama 850 tu. Watu wa Kanda ya Ziwa tumeitaabikia njia hii. Kabla lami haijaunganishwa, mabasi ya Mwanza yalikuwa yakizungukia Nairobi: unatokea Namanga, unarudi nchini kwa Sirari. Hati ya kusafiria mfukoni, kwenda mkoa wa nchi yako mwenyewe!

Mbagala tulitoka saa 10 alfajiri. Ndege iliruka saa 2 na dakika 10.

Nilimfunga mkanda, nikampa dirisha la kulia. Hakuogopa. Alitazama chini kimya, kisha akauliza:

“Baba, Tabora tumeshapita?”

“Hii haipiti Tabora, mama. Inakata moja kwa moja, sasa hivi tuko maeneo ya Kondoa.”

“Na Dodoma?”

“Imebaki kushoto, mbali.”

Akatikisa kichwa. Mwaka 1984 alishuka Dar kwa treni, daraja la tatu, mimi mgongoni, akilala njiani siku mbili. Vituo bado anavijua kwa mpangilio: Malampaka, Shinyanga, Isaka, Tabora, Manyoni. Tabora treni ilikaa sana, na wauza asali wakaja madirishani na chupa. Alinisimulia yote hayo huku weupe wa Ziwa Eyasi ukipita upande wake, na kabla hajafika Kilosa kwenye simulizi yake, ndege ilikuwa imeanza kushuka. Ikazunguka juu ya Ziwa Victoria, mawe ya Mwanza yakatokea, ikagusa chini saa 3 na dakika 35.

Saa moja na dakika 25. Lakini anayepanga safari asihesabu hizo peke yake. Ukiweka foleni ya alfajiri, ukaguzi, kusubiri mizigo, na gari kutoka Ilemela hadi kwetu Misungwi, tulitumia saa 7. Hata hivyo mama alishuka akitembea mwenyewe, na kwangu hilo ndilo lililokuwa na thamani.

“Mwangaluka, mayu,” dereva alimsalimia nje kwa Kisukuma. Uso wa mama ukafunguka. Alikuwa amefika kwao.

Nyumbani wajukuu walimrukia, wakamfungulia mkoba. Akanigeukia kwa masikitiko ya kweli.

“Nimekuja mikono mitupu. Asali ningenunulia wapi?”

Nikaenda sokoni jioni ileile, nikarudi na chupa mbili. Muuzaji alisema imetoka Tabora.